Kopo la Kupe

Fundi Sikio alikuwa chini ya gari la muuza nyama, miguu peke yake ikionekana nje, binti yake alipoingia gereji na kusimama karibu na tairi la mbele. Hakutoa salamu. Fundi aliviona viatu vyake akajua kuna jambo, maana binti huyu alikuwa mtu ambaye maneno yake huingia kwanza na yeye mwenyewe akafuata.

"Baba, breki zimeniacha."

"Zimekuacha zikaenda wapi?"

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Gereji yenyewe ilikuwa nusu ya uwanja wa nyumba yake iliyoezekwa mabati, na kando ya ukuta palikuwa na benchi la wateja. Fundi hakuwahi kufungua mdomo pale bila kulikumbuka benchi lile.

"Sitanii, baba. Pale kwenye mteremko wa hospitali nimekanyaga, pedali ikazama kama nimekanyaga mto wa kulalia. Halafu ndiyo zikashika. Lakini nilikuwa nimeshamfikia mzee mmoja na baiskeli yake. Mzee karuka mtaroni, baiskeli nimeigonga."

"Kaumia?"

"Hajaumia. Kanitukana tu, mpaka nikamshukuru."

Fundi akatoka chini ya gari, akajifuta mikono, akaliendea gari la binti yake. Lilikuwa gari la nyumba nzima kwa kweli. Binti alibeba abiria tangu asubuhi mpaka jioni, na kile alichorudi nacho ndicho kilicholipa kodi na kununua unga, kwa sababu cherehani ya mama yake ilikuwa na msimu na gereji ya baba yake ilikuwa na maneno mengi kuliko wateja. Akaliinua kwa jeki, akafungua tairi moja baada ya jingine. Akatazama pedi, diski, mipira na mafuta ya breki. Kila kitu kilikuwa kizima na kisafi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amevifunga mwezi uliopita.

Mtu mwingine hapo angesema, "Sijui." Ni neno fupi, halina gharama. Lakini Fundi aligeuka, akaliona benchi limenyamaza likimsubiri, na neno lile likamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Breki hazina ugonjwa," akatangaza. "Breki hizi nimezifunga mimi. Ugonjwa uko kwenye mguu. Mguu wako, mwanangu, ni mzito wa kwenda, mwepesi wa kusimama."

Benchi likaangua kicheko. Muuza nyama akapiga paja lake. Binti akautazama mguu wake wa kulia kama mtu aliyeletewa kitu asichokiagiza, kisha akaingia ndani. Barazani, mama yake aliisimamisha cherehani katikati ya mshono na kumtazama mumewe kwa muda. Hakusema kitu. Wanaume waliooa wanajua kwamba hapo ndipo pa kuogopa.

Jina la Sikio lilitokana na kazi. Zamani, mtu akileta gari linalokohoa, Fundi alikuwa akifumba macho, anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake sikioni, halafu anautaja ugonjwa kabla hajafungua hata skrubu moja. Watu walikuja hata wasio na gari, kusikiliza tu akisikiliza. Ndipo yakaanza kuingia magari ya umeme, mitumba ya kutoka ng'ambo, nayo hayana sauti yoyote. Fundi aliweka bisibisi, akaweka sikio, akasikia moyo wake mwenyewe.

Lakini hakuwa mtu wa kushindwa hivi hivi. Wenye magari hayo walikuwa na lalamiko moja: gari likikaa siku mbili tatu bila kuendeshwa, ile betri ndogo ya kuliwashia gari inakufa. Fundi alipapasa, akapapasa, mpaka chini ya kiti cha nyuma akakuta kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye moto wa umeme hata gari likiwa limezimwa. Kazi yake ilikuwa kuwasiliana na kampuni iliyolitengeneza gari, na kwa kuwa hapa kampuni ile haikuwa na wakala wala mtandao, kilishinda na kukesha kikitafuta wa kuongea naye huku kikiinyonya betri. Akakichomoa. Betri ikaacha kufa.

"Huyu ni kupe," aliliambia benchi. Kupe wa kwanza alikuwa wa gari lao wenyewe. Akamweka juu ya chuma, akamponda kwa nyundo mbele ya watu, wakampigia makofi. Tangu hapo kila gari la aina ile lililoingia lilitolewa kupe wake, mwenyewe akalipa, na kupe akatupwa kwenye kopo la rangi lililowekwa rafuni mahali pa kuonekana. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Fundi alisifiwa sana msimu ule.

Siku mbili baada ya breki kumwacha binti, redio ilitoa habari wakiwa mezani usiku. Mtangazaji alisema kampuni, ambayo sasa ina wakala na mtandao hapa nchini, imegundua hitilafu katika magari yake ya umeme ya aina fulani, akaitaja. Betri kubwa ikiwa imejaa na gari likiwa kwenye mteremko, breki zinaweza kuchelewa kushika. Wenye magari wasiwe na wasiwasi, wala hakuna haja ya kuyapeleka popote. Programu mpya itatumwa kwa mtandao usiku huo, gari litajirekebisha lenyewe likiwa limeegeshwa, na asubuhi ujumbe utatokea kwenye skrini.

Fundi akacheka mpaka akapaliwa.

"Gari linatibiwa kwa hewa! Mimi miaka yote hii nalala chini ya magari kama mwizi aliyekosa pa kujificha, kumbe dawa iko angani. Kesho watatuambia tairi likipasuka tulipigie simu, tulipe pole."

Hakuna aliyecheka. Mkewe aliweka kijiko chini polepole.

"Baba Watoto. Betri imejaa, gari liko mteremkoni. Mtoto alikuambia nini juzi?"

"Aliniambia breki zimemwacha."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nilisema mengi siku ile."

"Mengi hatukuyasikia. Tulisikia moja, na majirani walilisikia."

Binti alikuwa akiichezea mboga kwenye sahani. "Yaishe tu, mama. Kama gari litajitibu usiku, kesho naendelea na kazi. Huenda na mguu nao ulikuwa na lake."

Hapo ndipo Fundi alipoacha kutafuna. Neno "mtandao" lilikuwa limempita sikioni mara ya kwanza, sasa likarudi na kuketi. Akajiambia gari la kisasa kama lile haliwezi kukosa njia nyingine ya kupata habari. Akajiambia pengine kuna waya. Akaenda kulala akiwa ameyaamini hayo, maana mtu akitaka kujidanganya hahitaji msaada.

Asubuhi muuza dawa wa jirani aliingia gerejini akiwa ameacha duka wazi.

"Fundi, njoo uone muujiza! Limepona!"

Kwenye skrini ya gari lake palikuwa na alama ya kijani na maandishi kwamba marekebisho ya breki yamekamilika, safari njema. Fundi aliyasoma mara mbili, kama mtu anayesoma hukumu.

"Na mimi ndiye niliyekataa kutolewa kupe," muuza dawa akasema, akicheka bila ubaya wowote. "Unakumbuka ulivyoniita bahili? Leo wale wenzangu uliowatoa sijui watapona kwa njia gani, maana nasikia kile ndicho kinachopokea. Au vipi, Fundi?"

"Tutaangalia," Fundi akasema, na miguu yake ikaanza kumpeleka nyumbani kabla hajaiambia.

"Mtoto yuko wapi?" akamuuliza mkewe.

"Katoka na gari tangu alfajiri. Kuna muuguzi anampeleka hospitali."

"Betri ilijaa?"

"Si ulichomeka wewe mwenyewe jana jioni? Kuna nini?"

Fundi akapiga simu. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Mkewe alimtazama usoni, kisha akalitazama kopo lililokuwa rafuni ng'ambo ya uwanja, kisha akamrudia usoni, na Fundi akaona mwanamke huyu ambaye hajawahi kushika spana amemaliza uchunguzi wote.

"Ee Mungu wangu," mkewe akasema. "Lile gari halikupona."

Simu ikaita mkononi mwa Fundi, nusura aiangushe.

"Baba." Sauti ya binti ilikuwa ndogo. "Niko juu ya mteremko. Nimeshindwa kushuka. Nikitaka kwenda, mguu unatetemeka. Usiniseme vibaya, baba. Njoo unisaidie."

Alikodi pikipiki, akafika akiwa amevaa kandambili tofauti, moja yake na moja ya mkewe. Binti alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya barabara. Gari lilikuwa limeegeshwa, matairi yamewekewa mawe kama alivyomfundisha yeye. Chini kabisa, mteremko ulimalizikia kwenye geti la hospitali, na mbele ya geti palikuwa na watu wamejaa: wauza matunda, wagonjwa, akina mama na watoto mgongoni.

"Muuguzi kashuka akaenda kwa miguu," binti akasema. "Kaniambia dereva anayeogopa mteremko atafute kazi ya kushona na mama yake. Hakunilipa. Baba, labda kazi hii si yangu. Tangu siku ile siuamini tena huu mguu."

Hapo palikuwa na nafasi. Barabara ilikuwa tupu na benchi la wateja lilikuwa mbali. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni. Fundi akalimeza.

"Pumzika, mwanangu," akasema. "Nitaliendesha mimi. Mguu nao utapona."

Akaligeuza gari, akalirudisha polepole kwa njia ndefu ya tambarare. Alikuwa amemtoza muuza nyama hela ya kupe bila kujua kwamba anakosea, lakini kosa hili la kumficha binti yake ukweli alilijua alipokuwa akilifanya. Njia nzima binti aliangalia dirishani. Fundi alikuwa na hamu ya kusema mzaha wowote, akakosa hata mmoja.

Mkewe alimpokea mlangoni akiwa amelikumbatia lile kopo. Binti alipoingia chumbani, akalipindua juu ya meza ya kukatia nguo. Visanduku sita vikatoka, vyeusi, vinang'aa.

"Virudishe," mkewe akasema.

"Ndiyo kazi ninayotaka kuanza. Nitapita kwa kila mtu, mmoja mmoja. Nitasema nimekuja kuangalia betri. Nakipachika, naondoka. Hakuna haja ya makelele."

"Kipi ni cha nani?"

Fundi alikitazama cha kwanza. Akakigeuza. Akatazama cha pili. Kila kisanduku kilikuja duniani na kibandiko chenye namba ya gari lake, na hakikubali kuongea ndani ya gari jingine. Hayo alikuwa akiyajua. Lakini ili kopo lipendeze machoni pa benchi, yeye mwenyewe alikuwa amewaosha kupe wote kwa mafuta ya taa na kuwapangusa kwa kitambaa, mmoja baada ya mwingine, mpaka namba zikafutika zote. Mtu huyu aliwahi kumfukuza msaidizi wake kwa kosa la kuchanganya nati za magari mawili.

"Umeviosha," mkewe akasema.

"Nilitaka viwe safi."

Mkewe akaketi. Alijaribu kujizuia, lakini kicheko kilimshinda, akacheka mpaka machozi, kisha yale machozi yakawa machozi kweli.

"Wewe baba! Wewe! Ungekuwa mchafu kidogo tu tungepona. Sasa utajificha vipi? Itabidi magari yote sita yaje hapa, vijaribiwe kimoja kimoja kama viatu vya mtumba. Waite watu."

"Nitaonekana mjinga."

"Kuonekana ndiko kunakokusumbua? Wale watu wamesikia redio. Kila mmoja anaamini gari lake limepona. Wewe peke yako ndiye unayejua halijapona. Akitelemka mmoja pale hospitali leo, utaliambia nini hilo benchi lako? Jina lako Sikio, mume wangu, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Chukua simu."

Akachukua simu. Alianza na mwalimu mstaafu, akidhani kwa kuwa ni mtu wa heshima atapata ahueni.

"Shikamoo, Mwalimu. Lile gari usiliendeshe mteremkoni. Halijapona."

"Marahaba. Redio imesema limepona."

"Redio haijui kwamba mimi nilichomoa sikio lake."

"Rudia hapo, Fundi. Ulichomoa nini?"

Akarudia. Ikambidi arudie kwa kila mtu, na kila aliporudia maneno yalizidi kuwa mafupi, mpaka kwa muuza nyama akajikuta anasema tu, "Kupe hakuwa kupe. Lete gari. Pita njia ya tambarare." Muuza nyama naye akauliza swali ambalo Fundi alikuwa akiliombea lisiulizwe: "Na hela yangu?" Msusi alipiga kelele ndani ya simu kwamba asubuhi ile ile ameshuka mteremko wa hospitali na watoto wawili kiti cha nyuma, akisikiliza muziki.

"Hawajambo?" Fundi akauliza.

"Hawajambo kwa sababu Mungu si fundi!" Msusi akakata.

Jioni magari sita yalijaa uwanjani, moja likiwa nusu ndani nusu barabarani. Wenyewe walikaa kwenye benchi. Lilikuwa benchi lile lile, lakini Fundi hakuwahi kuliona likiwa refu namna ile. Muuza dawa alikuja pia, ingawa gari lake lilikuwa zima. Alisema amekuja kutoa pole, akaleta na kiti chake.

Fundi akasimama mbele yao, kopo mkononi.

"Niliwaambia hawa ni kupe," akasema. "Kuhusu betri sikukosea, walikuwa wanainyonya. Kosa langu ni kwamba nilijua wananyonya nini, sikujiuliza wanaleta nini. Nikawatoa, nikawatoza hela, na nyinyi mkanisifu. Kusifiwa kulinikaa vizuri. Hela zenu nitarudisha, kidogo kidogo. Leo tuanze kutafuta kila kupe na mbwa wake."

"Gari langu ni mbwa?" muuza nyama akauliza.

"Samahani. Ng'ombe."

Hata msusi alitabasamu kidogo, ingawa alijitahidi kuficha. Wakaanza. Fundi alilala chali kwenye sakafu ya kila gari, mikono chini ya kiti cha nyuma, na mkewe akakaa kwenye usukani akisoma skrini. "Hakijatambuliwa," alisoma. "Hakijatambuliwa. Hicho nacho hakijatambuliwa, toa." Kisanduku cha tatu kilipoingia kwenye gari la mwalimu, skrini ikatulia, ikawaza, ikaandika kwamba marekebisho yanapakuliwa, tafadhali usiliondoe gari. Benchi likapiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza Fundi kupigiwa makofi akiwa na aibu, akaona sauti ni ile ile.

Magari yalipona moja moja. Msusi aliondoka bila kuaga. Muuza nyama aliondoka baada ya kutaja hela yake mara mbili zaidi. Mwalimu alibaki nyuma, akamshika Fundi mkono. "Nimefundisha miaka mingi," akasema, "nimesahihisha makosa ya watoto elfu, langu hata moja sijawahi kulisimamia mbele ya darasa." Kisha akaharibu kwa kuongeza, "Lakini usiniguse tena gari."

Kopo likawa tupu. Gari moja likabaki uwanjani halijaguswa. Binti alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule, mikono kifuani, na sasa akauliza kwa sauti ya kawaida:

"Na chetu kiko wapi, baba?"

Fundi alikitazama kile chuma ambacho juu yake nyundo yake ilishuka siku ile ya makofi.

"Chetu," akasema, "ndicho nilichofungulia maonyesho."

Kwa wakala palikuwa na sakafu inayong'aa, viti vya plastiki na foleni ya wenye magari ambayo, kwa sababu moja au nyingine, hayakupona kwa hewa. Gari lao walilipeleka pale kwa gari la kuvuta, na gharama yake mama alitoa kwenye akiba ya vitambaa. Fundi alikuwa amevaa shati la kutokea. Aliketi akitazama vijana wenye ovaroli safi wakitengeneza magari kwa kompyuta, wamesimama, hakuna hata mmoja aliyelala chini. Magoti yake yakaona wivu.

Kijana mmoja mwenye miwani aliwaita, akafungua kiti cha nyuma, akamulika kwa tochi. Kisha akaunganisha kompyuta yake, akasoma, nyusi zikapanda.

"Hili gari limechomolewa kifaa cha mawasiliano. Halafu kumbukumbu yake inaonyesha breki zilichelewa kushika, tena ndani ya mwezi huu. Mna bahati mko hapa. Fundi gani aliwafanyia hivi?"

Watu wa kwenye foleni wakageuza shingo. Binti alimtazama baba yake, akasubiri.

"Huyo fundi namfahamu," Fundi akasema. "Namnyoa ndevu kila asubuhi."

Kijana alichelewa kuelewa, halafu akacheka. Foleni nzima ikacheka, mama mmoja akapiga makofi. Fundi naye akacheka nao; alikuwa hodari wa hilo, tangu juzi alikuwa akijicheka mtaa mzima na watu walianza kumpenda upya kwa ajili yake. Akageuka amwone binti yake akicheka.

Binti hakuwa akicheka.

"Umemaliza mzaha, baba?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Msusi umemwomba radhi. Mwalimu umemwomba radhi. Muuza nyama umemwomba mpaka amechoka. Mimi nimesimama mlangoni nikingoja zamu yangu."

Kijana wa miwani akaikumbuka kompyuta yake ghafla, akainamia kama imemwita. Foleni ikanyamaza, lakini ni kunyamaza kule kwa watu wanaosikiliza. Lilikuwa benchi jingine, la watu asiowajua. Fundi alilitazama. Kisha akalipa mgongo, akamgeukia binti yake.

"Haukuwa mguu wako," akasema. "Ulinieleza ugonjwa sawasawa, kama ulivyo, na mimi sikuujua. Nikaogopa kusema sijui mbele ya watu, nikautupa ugonjwa kwenye mguu wako. Na juzi pale juu ya mteremko nilikuwa nimeshaujua ukweli, nikakuacha uendelee kujilaumu. Hilo ndilo baya zaidi. Nisamehe, mama."

Sauti yake ilikuwa imepasuka mwishoni na hakuweza kuiziba kwa neno lolote la kuchekesha.

Binti alijifuta macho kwa kiganja, haraka, kama anayefukuza nzi. "Ningeacha kazi, baba," akasema. "Ningeacha kweli."

"Najua."

"Na ule mguu mzito wa kwenda, mwepesi wa kusimama?"

"Ni mdomo wangu ndio uko hivyo."

Hapo akacheka, si sana.

Walipewa gari jioni, na kisanduku kipya chini ya kiti, deni lake limeandikwa kwa mafungu. Alama ya kijani ilikuwa kwenye skrini. Binti aliketi kwenye usukani, Fundi akaketi pembeni yake, akafunga mkanda, akaukagua mara mbili. Walipofika njia panda, tambarare ikawa kushoto na mteremko wa hospitali kulia. Binti akaingia kulia.

Gari lilianza kushuka, kimya kama kawaida yake. Chini getini watu walikuwa wamejaa vile vile. Fundi, mwenye sikio lake, hakusikia chochote cha kumsaidia. Alichobaki nacho ni kumwamini aliyeshika usukani. Binti akakanyaga. Breki zikashika. Akaachia, akakanyaga tena, zikashika, na gari likateremka taratibu mpaka chini, likasimama mbele ya geti kumpisha mzee mmoja anayesukuma baiskeli yake. Mzee aliwatazama, akamtambua dereva, akaharakisha.

"Baba," binti akasema, macho barabarani.

"Naam."

"Huo mguu wako."

Fundi akatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooka wote, kisigino kimejikita, anaikanyaga sakafu tupu kwa nguvu zake zote, mahali ambapo hapakuwa na pedali yoyote.

Akauondoa.